Mshtakiwa wa Pili Yuko Mafichoni

Jumatano, Machi 6

Daftari langu wamelichukua, basi naanza jipya. Hili ni la hesabu la binti yangu. Alichana kurasa mbili za mwanzo akanipa bila kunitazama usoni.

Niandike kwa mpangilio, kama ninavyoandika kazi yangu. Mimi ni mtafiti wa konokono wa maji baridi, wale wanaobeba kichocho. Mume wangu ni fundi redio, na karakana yake ni chumba cha mbele cha nyumba yetu. Ijumaa alfajiri waligonga watu sita. Hebu fikiria watu waliotumwa kumkamata jasusi, wanafungua mlango wanakuta redio kumi na tisa zimefumuliwa matumbo, nyaya nje. Mmoja wao alipiga mluzi. Wakazibeba zote, pamoja na ile ya bibi wa jirani ambayo haishiki hata stesheni moja.

Mkubwa wao ana kalamu mbili mfukoni mwa shati, nyekundu na bluu, na analamba kidole kila anapotaka kufunua kitu. Alilamba kidole akafunua barua zangu. Akalamba kidole akafunua nguo zangu za ndani, moja moja, kama anatafuta ukurasa. Nimezifua mara mbili. Bado naziona zina mate.

Siku nne nilikaa mahabusu. Wanawake kumi na wawili, ndoo moja. Habari za ndoo sitaziandika. Jana hakimu amenipa dhamana: nisitoke mjini, pasipoti wabaki nayo, na kila Jumatatu niripoti kituoni.

Shtaka ni kupeleka siri za nchi ng'ambo.

Alhamisi, Machi 7

Siri yenyewe ndiyo hii. Januari nilimtumia mwalimu wangu wa zamani, aliye ng'ambo, kichupa cha konokono kumi na wawili waliokufa, ndani ya spiriti, pamoja na jedwali la mahali nilipowaokota kwenye mfereji mkubwa. Nilitaka anithibitishie aina yao. Niliwatuma kwa posta ya taasisi, mchana kweupe, na kwenye fomu karani aliandika kwa mkono wake: "konokono wafu".

Jedwali linasema hivi: B.g. 14, daraja la pili. B.g. 31, lango la kambi. B.g. 52, nyuma ya shule. B.g. ni Bulinus globosus, jina la kitaalamu la konokono huyo. Kumi na nne ni hesabu yao. Mfereji unapita langoni mwa kambi ya jeshi, lakini si mimi niliyeuchimba.

Kalamu Mbili aliniuliza, "B.g. ni nani?"

"Ni konokono."

"Nakuuliza kwa heshima, mama. B.g. ni nani?"

"Konokono, afande."

Aliniuliza kwa heshima mara tisa. Ya kumi haikuwa na heshima. Sikio la kushoto bado linavuma.

Ijumaa, Machi 8

Mvua ya kwanza. Nimelala mchana kutwa.

Jumatatu, Machi 11

Nimeripoti. Kitabu cha kituoni kinanata. Nimeweka sahihi, nimenawa bombani, nimerudi nyumbani nikanawa tena.

Jumatano, Machi 13

Pacha hajapiga simu. Ndivyo tunavyoitwa kazini, mapacha, kwa sababu miaka kumi na sita tumetumia hadubini moja, yeye anahesabu mimi naandika, kisha tunabadilishana. Binti yangu alipozaliwa, wa kwanza kumpakata baada yangu alikuwa yeye. Najua anaogopa. Nani asiyeogopa? Atakuja mvua ikipungua.

Jumamosi, Machi 16

Amekuja wifi yangu. Hakuketi, alipangusa kiti kwa kiganja, akakiangalia kiganja, akabaki amesimama.

"Wifi, mimi sikuhukumu," akasema. "Ila watu wanasema."

"Wanasema nini?"

"Si unajua watu."

Mume wangu akamwambia, "Dada, kama umekuja kutuletea watu, waache nje. Mvua itawanyeshea." Wifi akaondoka amenuna. Tulicheka mimi na mume wangu, mara ya kwanza tangu siku ile, kisha yeye akarudi kwenye karakana tupu akawa anafagia sakafu iliyokwisha kufagiwa.

Jumatatu, Machi 18

Nimeripoti. Mvua.

Jumanne, Machi 19

Tumepata wakili. Wengine watatu walikataa. Mmoja alikata simu niliposema jina langu. Huyu ana mafua yasiyokwisha. Anapenga kamasi kwenye leso ya kitambaa, anaifungua, anatazama alichopata, anaikunja, anairudisha mfukoni. Halafu anakupa mkono. Nimempa mkono. Nimekuja nyumbani nimesugua vidole kwa brashi ya viatu.

Alisoma karatasi zangu huku anakoroma puani. Swali lake moja tu: "Nani alikuwa na sababu ya kukunyamazisha?"

Nikamweleza. Mwaka jana mkurugenzi wetu aliiandikia wizara kwamba mfereji umesafishwa na ni salama, akapewa cheti cha pongezi, kikatundikwa ukutani nyuma ya kiti chake. Desemba mimi nikampelekea ripoti kwamba konokono wamejaa, hasa nyuma ya shule. Alinipa chai. Akaniambia, "Dada yangu, usiwe na haraka." Ndiyo maana nikawatuma konokono kwa mwalimu, asije mtu akasema nimekosea.

Wakili akapenga. "Sasa hapo," akasema, "ndipo pananuka."

Ijumaa, Machi 22

Binti amerudi kutoka shule mdomo umepasuka. Darasani wamembandika karatasi mgongoni: MTOTO WA JASUSI. Alitembea nayo vipindi vitatu.

Nilikuwa namsafisha kwa maji ya chumvi. Akasema, macho chini, "Mama, ulifanya?"

Nilidhani nimesikia vibaya kwa lile sikio bovu. "Nini?"

"Nimeuliza tu."

Nimeshapigwa, nimeshapekuliwa, nimeshalala kando ya ndoo. Hakuna lililonifikia pale lilipofika hilo swali. Nikamwambia hapana. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayepokea risiti. Sijui kama ameniamini, na sikuwa na ujasiri wa kumuuliza.

Jumatatu, Machi 25

Nimeripoti, na wakili amenipa hati ya mashtaka. Naandika hapa ilivyo, nisije kesho nikadhani niliota:

"Mshtakiwa wa kwanza, akishirikiana na mshtakiwa wa pili BULINUS GLOBOSUS, mwanamume, umri haujulikani, raia wa nchi isiyojulikana, ambaye yuko mafichoni na anatafutwa…"

Nikasoma mara tatu. Wakili alikuwa ananitazama juu ya leso.

"Huyu globosusi ndiye yule konokono wako?"

"Ndiye. Tena wamekosea. Si mwanamume. Kila mmoja wao ni dume na jike kwa pamoja."

Wakili alicheka hadi mafua yakamkaba. Mimi nilikwenda chooni nikatapika. Watu watatu wenye digrii wamesaini hati ile.

Jumatano, Aprili 3

Mvua siku ya saba mfululizo. Mfereji utakuwa umefurika, na wakati wa mafuriko watoto huvuka kwa miguu kwenda shule. Ndio wiki hizi tungekuwa tunawagawia dawa na kuweka vizuizi. Hakuna aliyekwenda. Nimemuuliza dereva wa taasisi kwa simu. Alijibu haraka haraka, "Mama, kazi ya mfereji imefungwa, usinipigie tena, naomba," akakata.

Jumatatu, Aprili 8

Nimeripoti.

Jumanne, Aprili 9

Leo upande wa mashtaka umetukabidhi maelezo ya mashahidi. Shahidi namba moja ni mkurugenzi: hajui lolote, ameshtuka, taifa kwanza. Hayo niliyatarajia.

Shahidi namba mbili ni Pacha.

Maelezo yake ni nusu ukurasa. Mwandiko wake naujua kama nyayo za watu wa nyumbani, ile "g" yenye mkia mrefu. Ameandika kwamba nilipenda kufanya kazi peke yangu, na kwamba nilikuwa na simu nyingi za ng'ambo. Kisha: "Nimeonyeshwa jedwali lenye herufi B.g. Sijui maana ya herufi hizo."

Sijui maana ya herufi hizo.

Miaka kumi na sita. Tuliwahesabu pamoja tukiwa wajawazito wote wawili, matumbo yanagonga meza. Tuliwahesabu siku ya msiba wa baba yake, alikuja kazini kwa sababu alisema akikaa nyumbani atapasuka, nikamwachia hadubini siku nzima. B.g., B.g., B.g., alikuwa anasema, na mimi naandika. Kama kuna mtu duniani anayejua maana ya herufi hizo kuliko mimi, ni yeye.

Mume wangu amesoma mara moja akaenda kukaa mlangoni akitazama mvua. Baadaye akasema, "Huyu amekula hapa. Kwenye sahani hizi." Akaanza kuzitoa sahani kabatini. Nilidhani atazivunja. Aliziosha.

Alhamisi, Aprili 11

Siandiki.

Jumamosi, Aprili 13

Binti amehamia kwa shangazi yake. Wifi alikuja na gari la kukodi na safari hii aliketi. Alisema ni kwa ajili ya masomo, mtihani u karibu. Binti alibeba begi, akarudi kuchukua mto wake, akarudi tena kuchukua kandambili. Mara ya tatu alirudi bila sababu, akasimama mlangoni.

"Nitakuja Jumapili," akasema.

Hii ni mara ya kwanza nimewaogopa konokono. Si wao, ila walichonigharimu.

Jumatatu, Aprili 15

Nimeripoti. Kalamu Mbili alikuwa kaunta anakula yai la kuchemsha. "Jamaa yako tutampata tu," akaniambia, ganda limemganda mdomoni. Kumbe bado wanamtafuta.

Jumapili, Aprili 21

Binti hakuja. Mvua.

Jumamosi, Aprili 27

Wakili amekuja kwa mara ya tatu kusoma konokono. Nimemkosea yule mtu. Mara mbili zilizopita alikaa mezani kwetu kuanzia asubuhi hadi alasiri, leso kando, ananiuliza kama mwanafunzi: kwa nini ganda linapinda kushoto, kinachotoka ndani ya konokono kinaingiaje mguuni mwa mtoto, kwa nini mnafupisha majina. "Kwa sababu unaandika jina moja mara mia nane kwa siku," nikamwambia. Akaliandika hilo.

Leo alikuja amevaa viatu vya mvua vya mume wangu na glavu ndefu za mpira. Tulikwenda wote watatu kwenye mfereji, kwenye daraja la pili, ambalo liko ndani ya mji na dhamana inaniruhusu. Maji yalikuwa ya kahawia yenye povu. Alining'iniza kichujio, akatoa konokono tisa, akawamimina kwenye chupa ya jemu akishika pumzi.

"Yaani hawa," akasema, "ndio wametuletea jeshi zima nyumbani."

Ng'ambo ya daraja watoto wa masomo ya Jumamosi walikuwa wanavuka, viatu mkononi, maji mapajani. Nikawapigia kelele warudi. Wakanipungia.

Jumatatu, Mei 6

Nimeripoti. Kesi ni wiki ijayo.

Jumanne, Mei 14

Leo niandike yote.

Mahakama ilijaa mpaka madirishani. Gazeti moja lilikuwa limeniita Malkia wa Mfereji, basi watu walikuja kumtazama malkia. Mkurugenzi alikuja na manukato yake, yakafika kabla yake. Alitoa ushahidi wa saa nzima kuhusu uzalendo. Wakili wangu alimuuliza kama ripoti yangu ya Desemba aliisoma. Akasema anapokea ripoti nyingi. Akaulizwa kama mfereji una konokono. Akasema yeye ni mtu wa utawala.

Kisha akaitwa Pacha. Amekonda. Alikuwa amevaa gauni tulilonunua siku moja, mimi la kijani, yeye la kijani. Hakutazama upande wangu.

Wakili akasimama, akapenga kamasi taratibu, akakunja leso. Safari hii nilitamani apenge zaidi.

"Shahidi, kazi yako?"

"Mtafiti mwandamizi."

"Tangu lini mwandamizi?"

"Aprili."

"Aprili hii? Maelezo yako uliyaandika Machi. Hongera." Watu wakaguna. "Uliandika, 'Sijui maana ya herufi hizo.' Ni maneno yako?"

"Ndiyo."

Akatoa chupa ya jemu kwenye mkoba, akaiweka mbele yake. Konokono mmoja alikuwa anapanda kioo. "Hawa ni nini?"

Mwendesha mashtaka akaruka. "Mheshimiwa, hapa ni mahakamani, si soko la samaki!"

"Keti," hakimu akasema. Ni mama wa makamo, sauti yake ndogo. "Shahidi, jibu."

"Ni konokono."

"Konokono gani?"

Pacha akashika ukingo wa kizimba. Namjua. Akiwa anataka kulia hubana ulimi kwenye jino la pembeni. "Bulinus," akasema.

"Bulinus nani?"

"Globosus."

Hakimu akainua kichwa. Akaivuta hati ya mashtaka, akafuata mstari kwa kidole, akarudi nyuma, akaufuata tena. Akavua miwani. "Wakili, unataka kuniambia huyu ndiye mshtakiwa wa pili?"

"Ndiye, mheshimiwa. Serikali imemkosa tangu Machi. Mimi nimempata kwa kichujio cha chai."

Ukumbi ulilipuka. Askari wa mlangoni alikuwa anafuta machozi. Hakimu akagonga meza, akasubiri, akasema, "Shahidi, mkiandika jina hilo kwa kifupi kazini kwenu, mnaandikaje?"

Pacha alisubiri hadi kicheko kikaisha chenyewe.

"B.g.," akasema.

"Ulijua hivyo Machi?"

"Nilijua. Waliniambia nikisema najua, basi ni wawili tulioshirikiana. Nina watoto, mheshimiwa."

"Naye je?" hakimu akauliza, akinionyesha mimi. "Hana?"

Pacha akaachia ukingo wa kizimba.

Wakati wa kile kicheko mimi sikucheka na wala sikulia. Nilikuwa natazama zile nyuso zinazocheka, meno yote nje, watu walewale waliokuwa wanavuka barabara wakiniona. Kwao ilikuwa filamu. Nilitaka kutoka nje, na siwezi kutoka, mimi ndiye mshtakiwa.

Mlangoni nikaona binti yangu, kwenye sare ya shule, amebanwa kati ya watu wazima. Ametoroka vipindi. Alikuwa hacheki. Alikuwa anamtazama Pacha, yule aliyempakata, kwa jicho ambalo mtoto wa miaka kumi na mitano hapaswi kuwa nalo.

Alhamisi, Mei 30

Nimeachiwa huru. Hukumu ilikuwa dakika kumi na moja. Hakimu alisema kesi ile ni aibu, na kwamba haelewi ilivukaje meza ya kwanza.

Mkurugenzi alinipigia kabla sijafika nyumbani. "Dada yangu, tumeshinda!"

Tumeshinda. Nilitazama simu kama mtu aliyekanyaga kitu.

"Tunakuandalia hafla ndogo," akaendelea. "Ila kuna karatasi ya kusaini kwanza, kwamba hutadai chochote. Tusifukue makaburi."

"Nitakuja kwenye hafla," nikamwambia, "ukisimama mbele ya wafanyakazi wote useme nani aliwaita polisi na kwa nini."

"Dada, hayo ya nini sasa?"

"Basi tutaonana mahakamani. Mara hii nitakaa upande wa pili."

Jumamosi, Juni 1

Redio zimerudi, kumi na saba kati ya kumi na tisa. Zimelowa, na moja inanuka mkojo. Gazeti lililoniita malkia limeandika habari zangu mistari minne, chini ya tangazo la magodoro. Binti amerudi na mto wake. Ameketi kwenye karakana anamsaidia baba yake kukausha nyaya. Sikumuuliza kitu. Aliniletea chai bila kuombwa, akasema, "Samahani kwa lile swali." Nikamwambia ni swali zuri kuliko yote niliyoulizwa tangu Machi, maana yeye alisubiri jibu.

Jumatatu, Juni 3

Tumefungua kesi dhidi ya mkurugenzi na waliosaini hati. Wakili anasema itachukua miaka. Nimempa mkono, na sikunawa mpaka wakati wa kula.

Ijumaa, Juni 7

Mvua imekatika. Leo nimekwenda shule iliyo kando ya mfereji. Mwalimu mkuu aliniomba mwenyewe. Taasisi haijui, na ikijua ni shauri yake. Vikombe sitini, watoto sitini, tuone wangapi wanakojoa damu.

Nikiwa napanga vikombe kwenye dawati nikamwona Pacha amesimama nje ya uzio, amevaa viatu vya mvua. Sijui nani alimwambia. Hakuingia mpaka nilipomtazama.

Sikumsamehe. Lakini watoto walikuwa sitini na mimi nina mikono miwili, basi nikamsukumia nusu ya vikombe.

Tulifanya kazi asubuhi nzima hatusemezani ila namba. Arobaini na mmoja wana damu. Mwaka jana walikuwa tisa. Kuna kitoto cha darasa la kwanza kilinipa kikombe chake kwa fahari, chekundu, kikaniuliza kama kimeshinda.

Tulipokuwa tunaosha mikono bombani Pacha akaanza kulia. Akasema atanieleza kila kitu: nani alikuja ofisini, alisema nini, mkurugenzi alikuwa ameketi wapi, ule upandishaji cheo uliandikwa siku gani.

Nikamzuia. "Mimi hayo ninayajua," nikamwambia. "Wakili wangu ana ofisi, inafunguliwa saa mbili asubuhi. Kawaambie wasioyajua."